Miezi kumi na miwili mlangoni: jinsi Mtakatifu Benedikto alivyopokea wamonaki

Benedikto si mmonaki wa kwanza wa Ulaya Magharibi. Martino wa Tours alianzisha jumuiya yake Ligugé, karibu na Poitiers, Ufaransa, mwaka 361, na karne iliyofuata kisiwa cha Lérins kikawa na monasteri maarufu. Utaratibu mmoja wa wote ndio uliokosekana. Wengine walizurura maisha yao yote, siku tatu au nne nyumba hii, kisha ile, wakila vya wenyeji.

Benedikto, mzaliwa wa Nursia, Italia, yapata mwaka 480, alionja ubaya wa kupokeana bila kujuana. Papa Gregori Mkuu anasimulia kwamba wamonaki fulani walimwomba awe abate, yaani mkuu wa monasteri yao, kisha ukali wake ukawashinda, wakamtilia sumu katika divai. Walikubali wasichokijua.

Kanuni aliyoiandika katika monasteri ya Montecassino, Italia, ambayo Wabenediktini, wamonaki wa shirika lake, wa Peramiho na Ndanda, Tanzania, wanaifuata hadi leo, ina sura 73. Kwetu sisi, sura ya 58, inayohusu kupokea wapya, ndiyo iliyoinusuru Kanuni hiyo. Mgeni hafunguliwi upesi: abishe hodi siku nne au tano, avumilie kukataliwa. Akizidi kuomba, analala siku chache nyumba ya wageni, ndipo anahamia kwa wanovisi, yaani wamonaki walio majaribuni, chini ya mzee anayemchunguza kama kweli anamtafuta Mungu. Magumu ya njia hiyo anaambiwa wazi. Baada ya miezi 2 anasomewa Kanuni yote: ukiiweza, ingia, usipoiweza, nenda zako kwa hiari. Inasomwa tena baada ya miezi 6, na tena baada ya 4.

Huko ndani anakuta kipimo, si njaa: ratili ya mkate kwa siku, vyakula viwili vya kupikwa, divai hemina moja, yaani kama robo lita. Zaburi zote 150 zinaimbwa kila wiki.

Siku ya kupokelewa anaahidi kudumu mahali pale, kuongoka mwenendo na kutii. Hati ya ahadi hiyo anaiandika kwa mkono wake; asiyejua kuandika anaandikiwa, anatia alama, na mwenyewe anaiweka altareni. Mali ameshaigawia maskini au ameikabidhi monasteri. Anavuliwa nguo zake palepale kanisani, anavishwa za monasteri. Zile za zamani hazitupwi, zinatunzwa stoo. Akija kuondoka siku moja, atavuliwa za monasteri na kurudishiwa zake. Hati harudishiwi.