Kuchaji manowari bila waya: kuongeza nguvu hakuongezi umbali

Swali ni lile lile kila mara: "Mkiongeza nguvu, si umeme utaifuata manowari hata kilomita 10 baharini?" Hautaifuata.

Umeme huvuka kwa uga wa sumaku kati ya koili mbili (waya uliozungushwa), moja gatini na moja melini. Kinachoamua ni k na Q: k ni kiasi koili hizo zinavyoshikamana kisumaku, Q ni ubora wa koili zenyewe. k ikiwa 0.2 na Q 300, ufanisi wa koili unaweza kufika asilimia 97. Sogeza meli hadi k ishuke 0.01, na kikomo ni asilimia 52: ili megawati 1 iingie melini, karibu megawati 1 nyingine inageuka joto. Na umbali ukishapita upana wa koili, k huanguka kwa kasi. Kila umbali ukizidi maradufu inabaki kama moja ya nane. Kuongeza nguvu hapo ni kupika koili.

"Basi tumieni mikrowevu," yaani mawimbi ya redio yanayorushwa kwa antena. Kwa gigahezi 2.45 na kilomita 10, ili sehemu kubwa ya nishati ipokelewe, antena za pande zote mbili zinahitaji kipenyo cha karibu mita 55. Iwekwe wapi kwenye manowari? Jaribio la Goldstone, Marekani, mwaka 1975 lilipokea zaidi ya kilowati 30, lakini kwa kilomita 1.5 na dishi la kurushia la mita 26.

Kazi yenye tija iko kwenye pengo dogo. Kivuko MF Folgefonn cha Norwei kilichajiwa kwa zaidi ya megawati 1 kupitia sentimita 50 hivi za hewa. Kwa hiyo wekeni koili ya gatini kwenye mkono unaofuata maji yakijaa na kupwa, feraiti (kauri inayoelekeza uga wa sumaku) nyuma ya koili, na bamba la alumini kati yake na ubavu wa chuma. Bila bamba hilo, ubavu ndio unaochemka.

Kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji kinachounganishwa na koili, pia huchaguliwa vibaya, kwa kutazama volti za inveta, kifaa kinachoipa koili umeme. Koili ya maikrohenri 30, kwa kilohezi 20 na ampea 1000, inajenga takriban volti 3,800. Kapasita ya volti 1,000 italipuka.

Maji ya chumvi? Kwa kilohezi 85 uga wa sumaku hupenya karibu sentimita 86 kabla ya kupungua hadi kama theluthi, kwa hiyo sentimita 5 za maji si ukuta. Hasara ipo, na hupungua masafa yakishushwa.

Na "bila waya" haimaanishi bila matengenezo: megawati 1 kwa ufanisi wa asilimia 95 huacha takriban kilowati 50 za joto, na pampu ya kupoza ikikwama, mfumo uzimwe.