Nyasi bandia hazikaushi ua: kazi iko chini yake

Kila mwaka mvua za Desemba zikianza, simu yangu huanza kuita kutoka Nkuhungu, Ilazo na Nzuguni, hapa Dodoma. Maneno huwa yaleyale: "Fundi, uani kwangu pamekuwa bwawa, nataka unitandikie nyasi bandia." Tope hili wenyeji wanalijua tangu zamani. Jina la mji wetu, wazee wa Kigogo husimulia, limetokana na neno idodomya, amezama, kwa sababu ya tembo aliyekwenda kunywa maji akanasa kwenye matope. Udongo uliomnasa tembo haumalizwi kwa kufunikwa zulia.

Mvua yetu si nyingi, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, ila karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa kishindo. Udongo wa mfinyanzi, hasa ule mweusi wa mbugani, hupitisha maji milimita 1 hadi 5 tu kwa saa. Sasa piga hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ikinyesha milimita 40 alasiri moja, ua wa mita za mraba 60 umepokea lita 2,400, na hapo bado hujaweka maji ya paa. Kiangazi udongo huohuo hupasuka nyufa ambazo kiganja kinaingia, mvua ikirudi unavimba. Chochote ulichokilaza juu yake moja kwa moja kitapanda na kushuka nao.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, nachimba shimo. Upana sentimita 30, kina sentimita 30. Nalijaza maji, naacha yazame, nalijaza tena, ndipo naanza kupima kwa rula maji yanashuka kiasi gani. Kuna ua mmoja Iyumbu nilijaza shimo jioni. Asubuhi nilikuta maji yameshuka vidole viwili, na kuta za shimo zinateleza kama sabuni. Mwenye nyumba aliyaona kwa macho yake, nikawa sina tena haja ya kumweleza kwa nini nataka kuleta kokoto.

Hili nilijifunza kwa kazi niliyoiharibu. Miaka yangu ya mwanzo nilimtandikia mama mmoja ua kwa moramu, ile changarawe ya kujengea barabara. Niliimwaga, nikaishindilia mpaka ikawa ngumu kama sakafu, nikalaza nyasi juu. Ilipendeza mno. Januari akaniita. Nikikanyaga, maji yanaruka pembeni ya kiatu, na katikati kapeti limeinuka kama godoro. Nilipolifunua, harufu ya maji yaliyooza ilinipiga usoni. "Fundi, hukuyatoa maji," akaniambia, "umeyafunika." Alisema kweli. Moramu ina udongo ndani yake, ukiishindilia inaziba. Nilibomoa yote nikarudia kwa gharama yangu.

Siku hizi natoa udongo wa juu sentimita 15, na nautoa kabisa uani, siuachi ukutani. Sakafu ya mchimbo naipa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuondoka kwenye msingi wa nyumba. Hapa usiamini jicho. Amini kamba na mpira wa maji wa kupimia levo. Kisha natandaza kitambaa cha jiotekstaili, ambacho hupitisha maji lakini hakiruhusu mfinyanzi kupanda na kuchanganyika na mawe. Bila hicho, baada ya misimu michache kokoto zinamezwa na udongo. Juu yake nalaza sentimita 10 za kokoto za robo tatu inchi, safi, zisizo na vumbi, halafu tabaka jembamba la kokoto ndogondogo, kati ya punje ya mtama na ya mahindi, nashindilia kwa mashine.

Zile nafasi kati ya kokoto ndizo unazozilipia. Ni kama theluthi moja ya ujazo wake, maana yake sentimita 10 zinaweza kushika karibu milimita 33 za mvua kwa muda huku maji yakitafuta njia. Nyasi zenyewe zina matundu mgongoni, maji yanapita tu. Hazinyonyi kitu.

Njia hiyo ya kutolea maji ndiyo watu wanaisahau. Upande wa chini wa mteremko natia bomba la inchi 4 lenye matundu, limezungushiwa kokoto na kitambaa, linatoka nje kwenye mtaro. Wengi wananiomba badala yake nichimbe shimo la mawe humohumo uani. Kwenye mfinyanzi shimo hilo ni ndoo iliyozikwa: likijaa limejaa, isipokuwa ukichimba mpaka ukafikia tabaka la mchanga chini. Na kama sehemu pekee ya kutolea maji ni kwa jirani, kazi siichukui. Nimeziacha kadhaa kwa sababu hiyo na sijutii.

Nyasi zinawekwa mwisho, na hapo sina mengi: manyoya yaelekee upande mmoja, maungio yagundishwe kwa tepu na gundi, kingo zipigwe misumari mirefu, mchanga mkavu umwagwe juu na kusuguliwa kwa ufagio. Ila jua la Oktoba usilisahau. Saa saba mchana nyasi hizi zinaweza kuvuka nyuzi joto 60, na mtoto asiye na viatu ataungua. Mwarobaini ulioko uani usiukate. Uachie duara la udongo kuzunguka shina, uendelee kutoa kivuli.

Miezi mizuri ya kazi ni Juni hadi Oktoba, mfinyanzi ukiwa mkavu. Kabla sijalaza nyasi, namwomba mwenye nyumba afungulie maji ya simtanki juu ya kokoto, mimi nasimama kwenye mdomo wa bomba na saa mkononi. Mwanzoni hutoka matone ya rangi ya chai, vumbi linajiosha. Halafu maji yanaanza kutiririka, yanakuwa meupe, na hapo ndipo nawaambia vijana washushe marobota ya nyasi kutoka kwenye gari.