Baba ana Parkinson: je, achangie damu?

Swali hili kliniki huletwa zaidi na watoto kuliko mgonjwa mwenyewe. Ndugu amelazwa hapa Dodoma akisubiri upasuaji, wodi inaomba ndugu wachangie damu, na mzee aliyezoea kuchangia tangu ujana hataki kuachwa nyumbani.

Nianze na hofu ya kuambukiza. Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa, hauletwi na kijidudu. Ni seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, ndizo zinazokufa taratibu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliopitia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 1.4 walioongezewa damu Uswidi na Denmark kati ya 1968 na 2012. Waliopewa damu ya wachangiaji ambao baadaye waligundulika na Parkinson hawakuugua zaidi ya wengine. Kwa hiyo mzee asiambiwe ana damu chafu. Maneno hayo yanaumiza bure.

Ninachokihofia mimi ni presha yake. Kwa wengi wenye Parkinson, mishipa inayotakiwa kusinyaa mtu anaposimama huchelewa, na levodopa, dawa kuu ya Parkinson, nayo huweza kuishusha presha zaidi. Sasa mtoe mililita 450 za damu, jua la Oktoba la Dodoma, hajanywa maji tangu asubuhi. Akinyanyuka kitandani anaweza kuanguka, na nyonga ikivunjika kwa umri ule, kurudi kutembea ni kazi. Ndiyo maana nampima presha baada ya kulala dakika tano, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Mzee mmoja alikuwa na 130 amelala, akasimama ikafika 104, na bado ananiambia, "Mbona niko salama, mwanangu." Ya juu ikishuka 20, au ya chini 10, namkatalia hata kama hasikii kizunguzungu.

Mkono kutetemeka ni jambo dogo. Sindano huwekwa kwenye ule uliotulia.

Asithubutu kuacha dawa ili damu "isafike". Kukatisha levodopa ghafla kunaweza kukakamaza mwili na kuleta homa ya kuhatarisha maisha. Aende na vidonge vyake vyote, hata vya tezi dume: finasteride na dutasteride humzuia mtu kuchangia kwa muda, maana huweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni mwa mama atakayeongezewa damu hiyo.

Mwenye kauli ya mwisho ni mhudumu wa Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, anayempima siku hiyo. Akimkatalia, basi watoto waliomsindikiza, wenye kuanzia miaka 18 na kilo 50, wapange foleni wao.