Je, wajua kwa nini mbu hunaswa kwa harufu ya miguu ya binadamu?

Mbu jike anayeeneza malaria huwinda usiku, wakati macho hayamsaidii sana, katika vijiji ambamo ng'ombe, mbuzi, mbwa na kuku hulala hatua chache kutoka kwa watu. Hata hivyo Anopheles gambiae, ambaye ni miongoni mwa waenezaji wakuu wa malaria barani Afrika, huwapita wanyama hao, akapenya kwenye mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa, na kumfikia binadamu aliye kitandani. Kinachomwongoza zaidi ni harufu. Kwa kuwa harufu ni mchanganyiko wa kemikali, na kemikali zinaweza kutambuliwa, kupimwa na kuchanganywa upya, watafiti wamekuwa wakitengeneza chambo kinachonukia kama mtu na kukiweka ndani ya mtego. Je, chambo hicho kinaweza kumshinda mtu mwenyewe? Majaribio yameonyesha kwamba kikiwa mbali naye kinamshinda, na kikiwa karibu naye hakimshindi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mtego wa harufu ufanye kazi gani.

Ili kuielewa tofauti hiyo ni lazima kwanza tufuate safari ya mbu. Hewa tunayoitoa mapafuni huwa na takriban asilimia 4 ya hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi, ilhali hewa ya kawaida inayotuzunguka ina takriban asilimia 0.04 tu. Pumzi hiyo haisambai sawasawa, bali huchukuliwa na upepo katika mikanda myembamba inayokatikakatika, kama moshi unaotoka jikoni. Mbu anapoukuta mkanda mmoja, viungo vifupi vilivyo kando ya mrija wake wa kufyonzea damu huitambua hewa ya ukaa, naye huanza kuruka akielekea upepo unakotoka. Lakini ng'ombe pia anapumua, kwa hiyo pumzi pekee haitoshi kumwambia mbu ni kiumbe gani kilicho mbele yake. Anapokaribia, vipapasio vyake hunasa harufu za ngozi, ambazo ni mamia ya kemikali, zikiwamo asidi ya laktiki, amonia na asidi nyingine zitokanazo na mafuta ya ngozi. Mwishoni kabisa, akiwa amebakiza umbali mdogo, ndipo anapohisi joto la mwili na unyevu wake, kisha anatua.

Nyingi ya harufu hizo hutengenezwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi yetu, ambao hula jasho na mafuta na kutoa mabaki yenye kunuka. Hapo ndipo kisa cha miguu kinapoanzia. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Uholanzi, Bart Knols na Ruurd de Jong, walichunguza mahali ambapo mbu huuma kwenye mwili wa mtu aliyeketi, wakaona kwamba Anopheles gambiae hupendelea nyayo na vifundo vya miguu, na kwamba miguu ikioshwa kwa sabuni ya kuua bakteria upendeleo huo hupotea. Bakteria wanaoipa miguu harufu yake ni ndugu wa karibu wa wale wanaotumika kutengeneza jibini ya Limburger, inayosifika kwa kunuka vibaya, na jibini hiyo ilipojaribiwa iliwavuta mbu kweli. Mwaka 2006 wawili hao walipewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba kasoro yake husahaulika. Watafiti waliofuata waliwabadilisha watu namna ya kukaa, wakawalaza au kuwainua miguu, na wakaona kwamba mbu huelekea sehemu yoyote ya mwili iliyo karibu na ardhi, kwa sababu wengi huruka chini chini. Kwa hiyo ni kweli kwamba harufu ya miguu huvuta mbu, lakini sehemu ya umaarufu wake hutokana na mahali miguu inapokaa. Jambo hili lina faida katika utengenezaji wa mitego: aina moja iliyotumika sana Kenya huning'inizwa takriban sentimita 30 kutoka ardhini, karibu na nyumba, kwenye njia ambayo mbu angepita hata hivyo.

Kutoka kwenye harufu hadi kwenye chambo kuna kazi ndefu. Kuzitia mtegoni soksi zilizovaliwa kunawezekana, na kumefanyika, lakini soksi ya leo hainuki kama ya jana, na soksi za watu wawili hazifanani. Utafiti unahitaji harufu isiyobadilika. Katika Taasisi ya Afya Ifakara, iliyo kwenye Bonde la Kilombero nchini Tanzania, Fredros Okumu na wenzake walitengeneza mchanganyiko wa amonia, asidi ya laktiki na asidi nyingine kadhaa za ngozini, wakauongezea hewa ya ukaa, na mwaka 2010 wakachapisha matokeo ya kuushindanisha na watu halisi ndani ya vibanda vya majaribio. Kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoko Mbita nchini Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, mchanganyiko mwingine ulipatikana kwa njia kama hiyo. Kila kemikali hulowekwa kwenye kipande chake cha kitambaa cha nailoni, kitambaa kilekile cha soksi nyembamba za kike, kwa sababu kimethibitika kuachia harufu vizuri kuliko vifuko vya plastiki. Kipengele kinachosumbua zaidi ni hewa ya ukaa, kwa kuwa mitungi ya gesi ni mizito, ghali na haipatikani kijijini. Suluhisho lilitoka jikoni: hamira ikichanganywa na maji na sukari, au molasi kutoka viwanda vya sukari, hutoa hewa hiyo usiku kucha. Baadaye ikagunduliwa kwamba kemikali iitwayo butanoni inaweza kushika nafasi yake kwa kiasi fulani, na kazi ya kukoroga hamira kila jioni ikaondoka.

Turudi kwenye vibanda vya Kilombero. Chambo kilipowekwa katika kibanda kimoja na mtu akalala katika kibanda kingine, umbali ukiwa kati ya mita 10 na mita 100, kibanda chenye chambo kiliingiza mbu mara tatu hadi tano zaidi ya kile cha mtu. Vyote viwili vilipowekwa ndani ya kibanda kimoja, ushindi huo ulitoweka, na chambo kikawa sawa na mtu au nyuma yake. Ukikumbuka safari ya mbu, matokeo haya hayapingani. Chambo kinaiga vizuri ishara za mbali, yaani pumzi na harufu kuu za ngozi, lakini hakina joto la mwili, hakina unyevu wake, wala hakina kemikali ndogondogo ambazo mbu huzipima anapokaribia kutua. Kwa maoni yangu hili ndilo tokeo lenye faida kubwa kuliko yote katika uwanja huu, kwa kuwa linatuambia mahali pa kuweka mtego: nje ya nyumba, mbali kidogo na kitanda, ili mbu akutane nao kabla hajakutana na mtu. Mtego uliowekwa mvunguni unamwalika mgeni hadi chumbani.

Kazi ambayo mitego hii imeifanya kwa uhakika zaidi ni ufuatiliaji. Kwa miongo mingi njia iliyoaminiwa ya kuhesabu mbu wanaouma watu ilikuwa mtu kukaa usiku akiwa ameacha wazi miguu, akiwasubiri watue na kuwafyonza kwa mrija mmoja mmoja kabla hawajauma. Kwa malaria, anayefanya kazi hiyo hupewa dawa ya kinga. Kwa kidingapopo, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, dawa ya namna hiyo haipo, na mbu wake, Aedes aegypti, huuma mchana. Ndiyo maana katika kumfuatilia Aedes hutumika sana mtego wenye feni na chambo cha asidi ya laktiki na amonia, ambao haumweki mtu yeyote hatarini. Asubuhi mfuko wa mtego hufunguliwa na mbu huhesabiwa na kutenganishwa kwa aina. Baadhi hupelekwa maabara, kwa kuwa Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishwi kwa macho, na hapo huchunguzwa pia kama wamebeba vimelea. Tahadhari ni moja tu, nayo ni kubwa: mtego wa chambo huwaonyesha mbu wenye njaa wanaoipenda harufu ile, kwa hiyo idadi yake haiwi idadi ya mbu wote wa kijiji mpaka ilinganishwe na njia nyingine.

Je, mitego hiyo inaweza pia kupunguza ugonjwa wenyewe? Waliokuwa na matumaini walitazama mfano wa mbung'o, ambao nchini Zimbabwe na kwingineko walipunguzwa kwa mitego na vitambaa vilivyotiwa asetoni na kemikali za mkojo wa ng'ombe. Lakini mbung'o huzaa buu mmoja kwa wakati, ilhali mbu hutaga mayai mengi kwa mkupuo, kwa hiyo inabidi kuwaua kwa kasi kubwa zaidi. Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika katika kisiwa cha Rusinga, Kenya, kati ya mwaka 2013 na 2015, ambako kaya moja baada ya nyingine iliwekewa mtego unaoendeshwa kwa umeme wa jua, kwa nyongeza ya vyandarua na matibabu yaliyokuwapo. Mfumo uleule uliwapa wenyeji taa na mahali pa kuchajia simu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba mbu aina ya Anopheles funestus, ambao nao hueneza malaria, walipungua kwa takriban asilimia 69, na watu waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 23.7 katika kaya zenye mitego, dhidi ya asilimia 34.5 katika zile ambazo zilikuwa bado hazijapata. Wagonjwa walioshikwa na homa ya malaria katika kipindi hicho walikuwa wachache mno kuweza kuthibitisha kupungua. Ni matokeo mazuri, ila yanategemea paneli, betri na feni katika kila nyumba, na hilo si jambo dogo kwa bajeti ya wilaya.

Chambo cha pili, ambacho hakisemwi sana, humlenga mbu aliyekwisha kula. Jike aliyejaa mayai hatafuti tena mtu, bali hutafuta maji, na maji nayo yana harufu. Mbu wa aina ya Culex, wanaoeneza matende na mabusha, huacha kwenye mayai yao kemikali inayowaita majike wengine kutaga palepale, na kemikali hiyo hutengenezwa maabara. Kwa Anopheles gambiae, watafiti wa Mbita waligundua kwamba kemikali iitwayo sedroli huwavuta majike wenye mimba, na chanzo chake kimoja ni kuvu wanaoota kwenye mizizi ya ndago, magugu ambayo kila mkulima anayajua. Mbu wanaonaswa kwa njia hii ni wachache zaidi, lakini kila mmoja wao ameshauma angalau mara moja, kwa hiyo uwezekano wa kumkuta na vimelea ni mkubwa kuliko kwa yule aliyefuata harufu ya miguu akiwa bado hajaonja damu.