Si kila aliyekosa penalti amepaisha

Dhana: Penalti isiyoingia imepaishwa.

Ukweli: Kupaisha ni kuupiga mpira ukapita juu ya lango. Ukipita kando, mpigaji ametoa nje. Ukigonga mlingoti, amegonga mwamba. Kipa akiufikia, amepangua au amedaka, na hapo sifa ni za kipa. Ukisema mpigaji kapaisha wakati kipa kaurukia mpira akautoa, umemdhulumu kipa.

Anayeonewa zaidi na kosa hili ni Asamoah Gyan, mshambuliaji wa Ghana. Tarehe 2 Julai 2010, kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ghana na Uruguay, uwanja wa Soccer City, Johannesburg, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza, Ghana wakapewa penalti. Wengi husimulia kwamba Gyan alipaisha. Sivyo: mpira wake uligonga mtambaa wa panya, yaani mwamba wa juu wa lango, kwanza, ndipo ukaruka juu. Tena dakika chache baadaye alirudi kupiga tuta (penalti ya kuamua mshindi baada ya sare) la kwanza la Ghana, akafunga. Waliokosa ni John Mensah na Dominic Adiyiah, na wote wawili walipanguliwa na kipa wa Uruguay, Fernando Muslera. Uruguay wakashinda matuta 4-2.

Dhana: Roberto Baggio ndiye aliyeipotezea Italia Kombe la Dunia 1994.

Ukweli: Alipaisha kweli tuta lake la fainali dhidi ya Brazil, lakini mwenzake Franco Baresi alikuwa ameshapaisha tuta la kwanza, na la Daniele Massaro lilipanguliwa na kipa wa Brazil, Taffarel. Hata Baggio angefunga, ingekuwa 3-3 tu, na Brazil walikuwa wamebakiza tuta moja.

Dhana: Anayepaisha ametumia nguvu nyingi mno.

Ukweli: Nguvu peke yake haiupandishi mpira. Tazama mguu wa kusimamia: ukibaki nyuma ya mpira, kiwiliwili nacho kikalalia nyuma, kiatu kinaingia chini ya mpira, na hata shuti la wastani litapaa. Ndiyo maana makocha husisitiza kifua kiwe juu ya mpira.

Dhana: Kupaisha ni neno la lawama.

Ukweli: Inategemea kinachopaishwa. Bao la dakika za mwisho likiipeleka Simba au Yanga juu ya msimamo wa ligi, magazeti huandika kwamba limeipaisha kileleni, na hakuna shabiki wa timu hiyo atakayelalamika.