Mobutu, jenerali aliyeliogopa jeshi lake

Katika mkusanyo wetu wa fedha za zamani ipo noti ambayo wageni huishangaa kuliko nyingine zote. Ina namba 5,000,000 na sura ya Mobutu Sese Seko, Rais wa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vijana wakiiona hudhani aliyeishika alikuwa tajiri. Kumbe noti hiyo ilikataliwa karibu siku ileile ilipotoka. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi, aliyekuwa akivutana na Rais, alitangaza kwamba si fedha halali, na wenye maduka wakamsikiliza. Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa mshahara kwa noti hiyo. Walikwenda nayo sokoni wakarudi mikono mitupu. Kisha wakarudi tena, safari hii na bunduki.

Mji uliporwa. Mamia ya watu walikufa, miongoni mwao balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Waliowazima askari hao walikuwa askari wenzao wa Zaire, wa kikosi maalumu cha ulinzi wa Rais, wasiojua njaa ya kambi za kawaida.

Naanzia kwenye noti kwa sababu kila tunapofungua milango kwa umma swali huwa lilelile: mtu huyu aliwezaje kukaa madarakani miaka 32? Na mara nyingi anayeuliza ameshajijibu: alikuwa jenerali, alikuwa na jeshi. Jibu hilo limekaa nusu. Jeshi ndilo lililomweka, hapo hakuna ubishi. Lakini akishakaa, alitumia miaka yake kuhakikisha kwamba jeshi hilo halitaweza kumweka mtu mwingine yeyote.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1930 huko Lisala, mji ulio ukingoni mwa Mto Kongo. Baba yake alikuwa mpishi wa hakimu wa Kibelgiji, akafariki mtoto akiwa na miaka minane. Mapadri walimfukuza shule, na mtundu aliyefukuzwa enzi hizo alipelekwa jeshini kwa miaka saba. Jeshi lenyewe, Force Publique, lilikuwa na maofisa Wabelgiji watupu. Mkongo akipanda sana aliishia usajini. Mobutu aliufikia usajini huo kwa kazi za ukarani, si kwa vita. Mwaka 1956 alitoka akawa mwandishi wa habari Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na huko ndiko alikozoeana na Patrice Lumumba, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi. Nalitaja la ukarani kwa makusudi. Picha zake za baadaye, na zile nishani kifuani, huwafanya watu wadhani alikulia kwenye mapigano. Alikulia kwenye majalada na orodha za mishahara.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Siku tano baadaye Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyebaki kuwa mkuu wa jeshi, aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni mamoja. Askari waliasi. Lumumba akawaondoa maofisa wa Kibelgiji haraka haraka, akamfanya Victor Lundula mkuu wa majeshi, na Mobutu, aliyekuwa akifanya kazi ofisini kwake, akapewa ukanali na kuwa mnadhimu mkuu. Alikuwa na miaka 29.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyomfunza siasa. Alizunguka kambi baada ya kambi kuwatuliza askari, na Umoja wa Mataifa ulipotoa fedha za kuwalipa, yeye ndiye aliyeonekana kuzileta. Septemba 1960 Rais Kasavubu alimfukuza Lumumba kazini, Lumumba naye akamfukuza Kasavubu. Tarehe 14 Mobutu alisema redioni kwamba amewasimamisha wanasiasa wote hadi mwisho wa mwaka. Wamarekani walikuwa wameshamchagua kuwa mtu wao. Lumumba alikamatwa na askari wa Mobutu, akasafirishwa hadi jimbo la Katanga kwa maadui zake, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa. Aliyempa Mobutu nyota za ukanali alikuwa Lumumba mwenyewe, na mimi kila nikifika hapa kwenye masimulizi haya nashindwa kupita haraka.

Mapinduzi ya pili, tarehe 24 Novemba 1965, yalikuwa mepesi. Kasavubu na Moïse Tshombe, Waziri Mkuu wa zamani, walikuwa wakigombana tena, wananchi walikuwa wamechoka na vita vya waasi walioitwa Simba na vya kujitenga kwa Katanga, na makamanda wakamtangaza Mobutu kuwa Rais. Aliomba miaka mitano. Kabla haujatimia mwaka, tarehe 2 Juni 1966, mawaziri wanne wa zamani, akiwemo aliyekuwa Waziri Mkuu Évariste Kimba, walinyongwa hadharani Kinshasa mbele ya maelfu ya watu kwa tuhuma za kupanga mapinduzi. Waliokuwepo hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Chama kilifuata mwaka 1967, MPR, na baadaye kila Mzaire akahesabiwa mwanachama tangu anapozaliwa. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, kisha majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, suti na tai zikaondolewa ofisini na mahali pake ikaja abacost, koti linalovaliwa bila tai. Haya yameandikwa sana na sitayarudia. Ila msomaji wa Kiswahili ana neno lake hapa: Katanga ilibadilishwa ikaitwa Shaba. Jimbo lililokuwa limetaka kujitenga lilipewa jina la madini yake, na kwa Kiswahili, lugha ya watu wake. Lakini lugha ya jeshi ilibaki Lingala. Kwa watu wa Bukavu, Goma, Kalemie na Lubumbashi, Lingala ilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mtu anayekuuliza kitambulisho huku akitazama mfuko wako. Hadi leo wazee wa huko wakikuigizia askari wa Mobutu hubadili lugha kabla ya kubadili sauti.

Sasa turudi kambini, maana siri iko huko.

Mobutu alijua mapinduzi yanavyopangwa kwa kuwa alikuwa ameyafanya mara mbili. Kwa hiyo hakutaka kuwe na jeshi moja. Divisheni ya Kamanyola ilifunzwa na Wakorea wa Kaskazini. Brigedi ya askari wa miavuli ilifunzwa na Wafaransa. Kikosi cha Rais, kilichojulikana kwa kifupi cha DSP, kilipata wakufunzi wa Kiisraeli na kujazwa zaidi Wangbandi, watu wa kabila lake. Mwaka 1984 iliundwa Gadi ya Kiraia, nayo ikafunzwa na Wajerumani Magharibi. Juu ya hao wote kulikuwa na idara za upelelezi zaidi ya moja. Kila mkuu wa kikosi alikuwa na njia yake ya kumfikia Rais, na alijua kwamba mwenzake naye anayo. Askari wa kawaida, yule aliyepelekwa Kivu au Shaba, mshahara wake uliliwa na wakubwa zake njiani. Akaambiwa kwa vitendo ajilipe mwenyewe kwa raia.

Jeshi la namna hiyo halipindui serikali, lakini pia halipigani. Machi 1977 wapiganaji wa Katanga waliokuwa wamekimbilia Angola walivuka mpaka wakaingia Shaba, na askari wa Zaire wakarudi nyuma. Aliyemwokoa Mobutu alikuwa Mfalme wa Morocco, aliyetuma askari wapatao 1,500 kwa ndege za Ufaransa. Mei 1978 wapiganaji walirudi, wakateka Kolwezi, mji wa migodi, na safari hii walishuka askari wa miavuli wa Kifaransa, kisha Wabelgiji. Mtu angetegemea kwamba baada ya aibu mbili Rais angelijenga upya jeshi lake. Alifanya kinyume. Katikati ya vita hivyo viwili, Machi 1978, ilitangazwa kwamba njama imegunduliwa, maofisa wakahukumiwa, wengine wakapigwa risasi, na wengi kutoka majimbo asiyoyaamini wakaondolewa jeshini. Walioondolewa walikuwa pamoja na wale waliosoma vizuri zaidi vyuo vya kijeshi vya nje.

Aliweza kufanya hivyo kwa sababu ulinzi wake wa kweli ulikuwa nje. Wakati wa Vita Baridi, Zaire ilipakana na Angola iliyosaidiwa na Wacuba, na kwa Washington hilo lilitosha. Alipokelewa Ikulu ya Marekani na Kennedy mwaka 1963, akiwa bado jenerali tu, na mwaka 1989 alipokelewa huko na George Bush. Erwin Blumenthal, mtaalamu wa Kijerumani aliyepelekwa kusimamia Benki Kuu ya Zaire mwaka 1978, aliandika ripoti akiwaonya wakopeshaji kwamba hawatazipata fedha zao. Mikopo iliendelea.

Wanasiasa nao aliwatendea kama makamanda. Mfano ninaoupenda kuutumia ni wa Nguza Karl-i-Bond. Mwaka 1977 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, mwaka huohuo akahukumiwa kifo kwa uhaini. Akasamehewa. Mwaka 1980 akawa Waziri Mkuu, mwaka uliofuata akakimbilia uhamishoni na kwenda kulieleza Bunge la Marekani kuhusu wizi wa Mobutu. Halafu akarudi, akatumwa kuwa balozi palepale Washington, akawa Waziri wa Mambo ya Nje tena, na mwaka 1991 Waziri Mkuu tena. Msomaji asimcheke. Katika nchi ambayo biashara za wageni zilitaifishwa mwaka 1973 na kugawiwa wateule wa Rais, mtu aliyekuwa nje ya serikali hakuwa na pa kushika.

Fedha zilipokauka, mpango mzima ulionyesha mbao zake. Gécamines, kampuni ya shaba iliyobeba bajeti ya nchi, katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufikisha 50,000. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka na Wamarekani hawakumhitaji tena. Aprili 1990 aliruhusu vyama vingi, akilia mbele ya wasikilizaji. Wiki chache baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa usiku na kuuawa. Septemba 1991 askari wa miavuli karibu na uwanja wa ndege wa N'djili walianza kupora, wakauharibu vibaya uchumi wa Kinshasa. Kisha ikaja noti ya 5,000,000.

Vita vya mwisho vilianza Kivu mwishoni mwa 1996, baada ya wakimbizi wa Rwanda zaidi ya milioni moja kuingia Goma na Bukavu pamoja na waliohusika na mauaji ya kimbari. Rwanda na Uganda ziliwaunga mkono waasi wa AFDL, na msemaji wao alikuwa Laurent-Désiré Kabila, mpiganaji wa zamani wa milima ya Fizi aliyeishi miaka mingi Tanzania. Askari wa Zaire hawakupigana. Walipora mji waliokuwemo, wakapanda magari kuelekea mji wa mbele yake. Mobutu alikodi mamluki kutoka Serbia kuilinda Kisangani. Ilianguka tarehe 15 Machi 1997. Wavulana waliobeba bunduki nyuma ya Kabila walisema Kiswahili, na Kinshasa, mji wa Lingala, ikajifunza neno kadogo. Waliingia tarehe 17 Mei.

Usiku uliotangulia, katika kambi ya Tshatshi, Jenerali Mahele, aliyekuwa akijaribu kuzuia mapigano ndani ya mji, aliuawa na askari wa DSP waliomwona msaliti. Mobutu alikuwa ameshakimbilia Gbadolite, kijijini kwake, alikojijengea makasri na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha ndege ya Concorde. Alikuwa mgonjwa wa saratani ya tezi dume, hawezi kutembea vizuri. Alipandishwa ndege ya mizigo kuelekea Togo, na kutoka huko akaenda Morocco, alikofariki tarehe 7 Septemba na kuzikwa Rabat.

Ndege hiyo ilipokuwa ikiruka Gbadolite ilipigwa risasi. Waasi wa Kabila walikuwa bado hawajafika. Waliofyatua walikuwa DSP, walinzi wake, walioona anawaacha.