Kebo Mbovu Huisifu Antena Yoyote

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, mpenzi wa redio ya ridhaa kama mimi, alinipigia simu akiwa na furaha tele. "Shikamoo mzee. Dipoli yangu ya bendi nne inasoma SWR 1.3 kila mahali, hata bila tyuna." Dipoli ni antena ya waya yenye mikono miwili inayolishwa katikati; SWR ni kipimo cha nguvu inayorudi chini badala ya kupokelewa, ambapo 1 ni hakuna inayorudi; na tyuna ni kifaa cha kuipatanisha transmita na antena. Nilimwitikia marahaba, kisha nikamwomba apande juu, aichomoe kebo kwenye waya, na apime kebo tupu kwenye bendi ya mita 10 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake; hii iko karibu na 28 MHz). Alinyamaza kidogo, nadhani alijiuliza kama uzee umeanza kunizidi. Alipopiga tena, kebo isiyofungwa na kitu chochote ilikuwa imesoma 1.6.

Nimechoka kuambiwa kwamba SWR ndogo ni ushahidi wa antena nzuri. Kebo nzima iliyoachwa wazi upande wa pili hupaswa kusoma vibaya kupindukia, kwa kuwa karibu nguvu yote iliyopanda hurudi. Kebo inayopoteza desibeli 6 hufikisha juu robo tu ya nguvu. Robo hiyo ikigonga mwisho na kurudi, hupunguzwa tena kwa kiwango kile kile, hata kinachofika kwenye kipimo ni sehemu 1 kati ya 16, na kipimo huandika 1.67 kwa uaminifu kabisa. Kipimo hicho hakidanganyi, bali kimeulizwa swali lisilo lake: kinajua kilichorudi, lakini hakina njia ya kujua kama ambacho hakikurudi kimekwenda hewani au kimepasha moto plastiki.

Tyuna ya chumbani nayo haiponyi kitu huko juu. Waya uliokatwa kwa mita 40, ukiulisha kwa 14.2 MHz, yaani bendi ya mita 20, huwa na urefu wa wimbi zima, na pale katikati hukutana na kebo kwa maelfu ya omu, ukinzani mkubwa mno kwa kebo hiyo. Tyuna huituliza transmita tu. Kebo ndiyo inayoumia.

Jumapili tuliipasua kebo ile kwa kisu. Nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi kutoka juu hadi karibu na dirisha, kwa sababu kiungo cha juu kilizibwa kwa tepu ya umeme peke yake, na mvua za hapa Mwanza hazijali tepu. Tulipoweka kebo mpya, SWR ya mita 20 ilipanda hadi 3, na kijana akanitazama kama mtu aliyemharibia mali yake. Hata hivyo, kwenye mita 10 stesheni zilizokuwa zimezama ziliibuka.

Sasa antena yenyewe. Kanuni ni 143 kugawanya kwa megahezi, ukipata urefu wote kwa mita: kila mkono, yaani nusu yake, uwe 10.07 kwa 7.1 MHz, 5.04 kwa 14.2, na 2.52 kwa 28.4, nyaya zote zikianzia kitovu kimoja na ncha zake zikitawanywa. Waya wenye ganda la plastiki hutaka kufupishwa kidogo zaidi. Anza na mrefu, na usikate: kunja ncha irudi juu ya waya wenyewe, kwa maana waya uliokunjwa hukunjuka.

Bendi ya nne, mita 15, husemwa kuwa inakuja bure kupitia waya wa mita 40, kwa kuwa 21 ni mara tatu ya 7. Si kweli kikamilifu. Ncha za waya huufanya uonekane mrefu kidogo kuliko ulivyo, ndiyo maana hukatwa mfupi; lakini athari hiyo ya ncha hufupisha waya kwenye ncha zake mbili tu, si kwa kila nusu-wimbi kati ya tatu zinazoingia humo, kwa hiyo waya wa 7.1 hupatana (hufanya kazi vizuri zaidi) karibu na 22 MHz, nje ya bendi inayoishia 21.45. Ukiurefusha ili kuishusha, unaiharibu mita 40. Mimi huchagua mita 40 na kuivumilia mita 15.

Kuhusu mita 10 sina majivuno. Hubadilika kila ninapogusa nyaya jirani, na kwangu, kwenye mteremko wa mawe, urefu wa mwisho uliachana na hesabu kwa zaidi ya shubiri. Nimewahi kulaumu mabati, kisha mawe, kisha nikaacha kulaumu. Jambo moja sina shaka nalo: radi za ziwa hili si za kuchezea, chomoa kebo unapolala.

Tuliufupisha waya wa mita 20 mpaka ukasoma 1.8, nikamwambia auache hapo. Jana amenipigia kuuliza afanyeje ili irudi 1.3.